Hita ya gesi ya nje: historia fupi ya usalama, kutoka Texas hadi Kericho

Leo naweka kando seva na lugha za programu, tuzungumze juu ya mashine ambayo haina kompyuta yoyote ndani yake: hita ya gesi ya nje. Ni ile inayofanana na uyoga mrefu wa chuma, mtungi umefichwa chini, mwavuli wa bati juu, na moto mwekundu kati. Siku hizi unaiona kwenye bustani za hoteli, na hata kwenye harusi, hapa kwetu kwenye nchi ya majani chai, Kericho na Bomet.

Utauliza, mtengeneza programu na hita wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kila kifaa cha usalama ndani ya hita hiyo kina historia yake, na nyingi ya historia hizo zilianza na msiba. Ukiijua historia, hutaruhusu mtu akifungue kifaa hicho na kukitupa kwa sababu "kinasumbua".

Joto ndilo kazi yetu

Majani chai yalipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903 kule Limuru. Miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaanza mashamba makubwa Kericho. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo. Tangu wakati huo hakuna kilo ya chai nyeusi iliyotoka hapa bila moto. Jani hunyaushwa kwa hewa, hukatwakatwa, huachwa ligeuke rangi, halafu hukaushwa kwa hewa ya moto. Joto hilo kwa kawaida hutoka kwenye boila inayolishwa kuni za mikaratusi, ndiyo maana ukipita karibu na kiwanda chochote utaona marundo ya magogo.

Boila ya kiwanda ina vali ya usalama, ina mtu wa kuiangalia, na sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa. Lakini hita ya kukodi, inayofika kwenye harusi nyuma ya pikapu, mara nyingi huchunguzwa na yule tu anayeiwasha. Tofauti hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Harufu iliyotoka Texas

Gesi tunayonunua kwenye mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Mwanakemia Mmarekani Walter Snelling aliitambua propani ndani ya mvuke wa petroli mwaka 1910. Ikibanwa kidogo tu inakuwa maji, na hayo maji yakigeuka tena kuwa gesi hutanuka zaidi ya mara 200. Hii ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake: kitu kidogo ndani ya mtungi, kitu kikubwa nje ya mtungi.

Gesi hizi zenyewe hazina harufu ya kukuamsha. Ile harufu ya kitu kilichooza unayoisikia huongezwa kwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, gesi asilia ilivuja chini ya shule bila mtu kuisikia. Ilipolipuka, karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Shule ilikuwa imeunganisha bomba la gesi ya mabaki kutoka visima vya mafuta ili kupunguza gharama. Baada ya msiba huo Texas ikatoa sheria kwamba gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea duniani.

Kwa hiyo pua yako ni kipimo kilichowekwa kwenye mfumo tangu 1937. Lakini angalia: harufu hiyo huungua pamoja na gesi. Moto ukiwaka vibaya na kutoa kaboni monoksidi, hakuna harufu iliyobaki ya kukuonya. Kaboni monoksidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, hudhani ni uchovu wa sherehe. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa limewaua watu wetu kwa njia hiyohiyo kwa miaka mingi.

Kifaa kidogo kinachosubiri habari njema

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Seebeck aliona kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na kiungo kimoja kikapata joto kuliko kingine, hutokea nguvu ya umeme. Kifaa kilichotokana na hilo tukiite themokapo. Ndani ya hita ni kile kijiti kama msumari kinachoingia kwenye mwali mdogo wa kuwashia.

Kazi yake ni hivi. Mwali ukiwaka, kijiti hupata moto na kutoa umeme kidogo sana, milivolti kadhaa tu. Umeme huo hushikilia sumaku, na sumaku hushikilia vali ya gesi iwe wazi. Upepo ukizima mwali, kijiti hupoa, umeme hupotea, sumaku huachia, springi hufunga gesi. Hakuna betri wala programu.

Nilipokuwa chuoni nasoma sayansi ya kompyuta tulifundishwa kutengeneza mifumo ambayo seva moja hutuma ishara "niko hai" kila baada ya sekunde chache, na ishara ikikosekana mfumo hujifunga wenyewe. Themokapo hufanya kazi kwa wazo hilohilo, nalo ni la zamani kuliko kompyuta. Haisubiri habari mbaya ndipo ifunge. Inasubiri habari njema ili iendelee kufungua, na ukimya maana yake ni kufunga. Waya ukikatika, inafunga. Kijiti kikichakaa, inafunga. Kila kosa linaangukia upande salama.

Ndiyo maana nilishtuka kwenye harusi moja kule Bomet nilipoona hita ambayo fundi alikuwa ameondoa kazi ya themokapo kwa sababu "inazimazima". Kwetu sisi waandishi wa programu, hiyo ni sawa na kufuta jaribio linaloshindwa ili ripoti ionekane nzuri. Hita inayozimazima inakuambia kitu: kijiti kimejaa masizi, mwali ni mdogo, pua ya gesi imeziba, au upepo ni mkali. Safisha au badilisha kijiti. Usikinyamazishe.

Tatizo la mita 2,000

Watengeneza programu tuna utani: "kwangu inafanya kazi!" Ndivyo asemavyo mtu aliyejaribu programu yake kwenye kompyuta yake peke yake. Hita nyingi zinazouzwa huku zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na hapa kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Maana yake kila lita ya hewa ina oksijeni pungufu kwa sehemu moja ya tano hivi, lakini pua ya hita inaendelea kutoa gesi karibu ileile.

Matokeo ni moto wenye gesi nyingi na hewa kidogo. Utauona kwa ndimi ndefu za manjano na masizi meusi chini ya mwavuli, na kaboni monoksidi inaongezeka. Soma kitabu cha hita yako, utafute kimo kilichoruhusiwa. Kama kimo chetu kimepitwa, fundi anayeijua kazi aweke pua ndogo iliyopendekezwa na mtengenezaji. Usipanue tundu kwa sindano, utazidisha tatizo.

Tena kuna hesabu ya mtungi. Hita ya kilowati 13 hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utapoa haraka, uote ukungu au barafu kwa nje, na moto udhoofike ingawa gesi bado ipo. Usiupashe moto mtungi! Tumia wa kilo 13 au mkubwa zaidi.

Vali moja kwa wote

Kenya ilianza kusafisha mafuta Changamwe mwaka 1963, na kiwanda hicho kikaacha kusafisha mwaka 2013. Kwa miaka mingi kila kampuni ya gesi ilikuwa na vali yake, na regulata ya kampuni moja haikuingia kwenye mtungi wa nyingine. Kanuni za mwaka 2009 zikaleta vali ya aina moja, na mitungi ikabadilishwa baina ya kampuni. Kama mpenda viwango vya wazi, nilifurahia wazo hilo. Lakini urahisi huo uliwafaa pia wajazaji haramu waliojaza mitungi isiyo yao, na kanuni mpya za 2019 zikaondoa ulazima wa kubadilishana.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo mahali hapo mara 3 mwaka 2023. Sheria ilikuwepo, na gesi ikajazwa vilevile.

Basi tufanye nini?

1. Hita ya nje ibaki nje. Kericho mvua hunyesha mchana karibu mwaka mzima, na ikija watu hushusha pande za hema. Pande zikishuka, hita izimwe. Hapa msibishane hata dakika moja.

2. Kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye regulata, mpira na viungo. Povu likivimba, gesi inavuja. Usitafute kwa kiberiti.

3. Mpira wenye nyufa hautengenezwi kwa gundi, unabadilishwa.

4. Hita ikikaa muda mrefu, safisha bomba la kuchanganyia hewa. Buibui hupenda kujenga humo.

5. Ikikataa kuwaka, funga gesi na usubiri dakika 5. Propani ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na kwenye mitaro.

6. Iweke mahali tambarare, mbali na turubai. Usiisogeze ikiwaka. Swichi ya kuinama ifanye kazi, ijaribu.

7. Ukimaliza, funga vali ya mtungi. Mtungi usimame wima, uhifadhiwe nje penye hewa.

Ukikodi hita, muulize mwenyewe mbele ya watu: "Ukizima mwali, gesi inafunga baada ya muda gani?" Kisha mwambie akuonyeshe. Izime kwa kufunga vali ya mtungi, usikilize mlio mdogo wa "tak" ndani ya dakika moja hivi. Hiyo ni springi ikifunga. Usipousikia, irudishe kwenye pikapu na uwagawie wageni mablanketi.

Haya, kwa leo naishia hapo. Kaeni salama, na chai iwe moto :-)