Hundi ya Ulaya Ilivyowasotesha Wabongo Kabla ya M-Pesa

Wadau, leo mtu wa Kipawa akitumiwa hela na ndugu yake aliyeko London, simu inalia tu, kazi imeisha. Zamani, thubutu!

Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki, ikazaliwa NBC. Fedha za kigeni zikabanwa. Ukipeleka hundi ya paundi unalipwa shilingi, tena kwa bei ya serikali, huku mtaani paundi hiyohiyo ina bei ya juu kuliko hiyo.

Na hulipwi leo. Hundi inasafirishwa hadi benki ilikotoka, ikubaliwe kwanza. Wiki zinakatika, makato juu, ada ya shule inasubiri. Ikigoma, unarudishiwa karatasi yako.

Mwaka 1992 sheria mpya ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha. 2008 M-Pesa ikaingia Bongo. Ila hundi yenyewe haijabadilika, na matapeli wanalijua hilo: anakutumia hundi feki ya nje, anaomba umrudishie "chenji" fasta. Hundi ikija kugoma, deni ni lako.

Kwa hiyo akili kichwani: hundi siyo hela mpaka benki ilikotoka ikubali kulipa.