Safari ya kambi ya RV majira ya joto: jinsi ya kuwalinda watoto mtoni

Kila mwaka kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Septemba, familia nyingi hapa Marekani hukodi RV, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, na kwenda kupiga kambi kando ya mto. Mchana watoto huogelea. Au familia nzima hukaa juu ya tyubu kubwa zilizojazwa hewa na kuuacha mkondo uwapeleke taratibu hadi chini. Familia zetu zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya nazo siku hizi hualikwa na majirani, kanisa au wenzao wa kazini.

Ni mapumziko mazuri na watoto huyafurahia sana. Hata hivyo, hapa Marekani kuzama majini ndiko kunakoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto wa miaka 1 hadi 4. Ajali nyingi kati ya hizi zinazuilika. Makala hii inaeleza mambo ambayo mama au mlezi anapaswa kuyapanga kabla ya kuondoka, ya kuangalia mkiwa mtoni, na hatua za kuchukua ikitokea dharura.

Mto huu si kama ziwa la nyumbani

Baadhi yetu tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, Kivu au Victoria. Wengine wamekulia kambini, ambako hapakuwa na mahali pa kujifunza kuogelea. Hata kama unajua kuogelea ziwani, mto una mambo matatu tofauti.

*Ubaridi.* Mito mingi inayopendwa kwa tyubu hupata maji kutoka chemchemi. Mfano ni Current River katika jimbo la Missouri. Chemchemi zake hutoa maji ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi mwaka mzima, hata siku ambayo jua linachoma. Ziwa Tanganyika juu huwa na nyuzi 25 hivi. Mtu akitumbukia ghafla kwenye maji baridi namna hiyo, mwili humlazimisha avute pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kama kichwa kiko chini ya maji, huvuta maji. Kwa hiyo watoto waingie polepole, miguu kwanza.

*Mkondo.* Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinaweza kusomba magari mengi.

*Chini ya maji.* Mtoni kuna mawe na miti iliyoanguka. Mguu ukinasa kati ya mawe huku mkondo unasukuma mgongo, mtu huinamishwa uso majini hata kama kina ni kidogo. Mti ulioanguka nao huyaacha maji yapite lakini humnasa mtu. Kaeni mbali na miti hiyo.

Kuchagua mto na wakati

Mto unaofaa kwa familia yenye watoto wadogo ni mfupi, wenye kina kidogo, usio na kasi, na wenye mahali pengi pa kutokea. Mto Comal ulioko New Braunfels, Texas, una urefu wa kilomita 4 hivi tu, na maji yake ni ya nyuzi 22 hivi. Jirani yake kuna mto Guadalupe. Sehemu yake iliyo chini ya bwawa la Canyon Lake ni baridi zaidi, kwa kuwa maji hutolewa sehemu ya chini ya bwawa. Mito miwili ya mji mmoja inaweza kutofautiana hivyo, kwa hiyo uliza kila mto peke yake.

Maswali ya kuuliza kampuni inayokodisha tyubu:

- Leo maji yanakwenda kasi kiasi gani kuliko kawaida?
- Safari inachukua saa ngapi? Kuna mahali pa kutoka katikati?
- Mtoto wa umri gani anaruhusiwa?
- Je, kuna ukuta wa kuzuia maji au maporomoko njiani? Hata ukuta mfupi ni hatari, kwa sababu maji yaliyo chini yake huzunguka na kumrudisha mtu chini tena na tena.
- Mna majaketi ya kuokoa maisha ya saizi ya watoto?

Usiende mtoni baada ya mvua kubwa, hata kama kwenu jua linawaka. Maji ya mvua iliyonyesha juu huja baadaye. Yakiwa ya kahawia au yanabeba matawi, siku hiyo ogeleeni kwenye bwawa la kambi.

Nafasi za kuegesha RV hujaa mapema, hasa wikiendi ya mwisho wa Mei na ile ya tarehe 4 Julai. Kambi nyingi za serikali kuu hufungua nafasi miezi 6 kabla. Ukiweza, nenda katikati ya wiki. Watu wanakuwa wachache na ni rahisi kumwona mtoto wako.

Mahali pa kulala: msilale karibu na maji

Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe ulifurika katika wilaya ya Kerr, Texas. Maji yalipanda takriban mita 8 katika dakika 45. Zaidi ya watu 100 walifariki, wakiwemo watoto wengi, na magari ya kambi yaliyoegeshwa kando ya mto yalisombwa. Watu walikuwa wamelala.

Kwa hiyo, unapochagua nafasi:

- Omba sehemu ya juu, iliyo mbali na mto, hata kama mandhari si mazuri kama ya ukingoni.
- Usizime tahadhari za dharura kwenye simu usiku. Kama mtandao haushiki, beba redio ya hali ya hewa ya betri.
- Siku ya kwanza, kabla giza halijaingia, tembeeni wote kwa miguu hadi sehemu ya juu mtakayokimbilia. Amueni ni mtu mzima yupi atambeba mtoto yupi.
- Mkisikia onyo la mafuriko, acheni gari na vitu vyote. Pandeni juu kwa miguu mara moja.

Nani apande tyubu, nani abaki ukingoni

Mtoto mchanga asipandishwe kwenye tyubu kabisa, hata akiwa mikononi mwa mama. Tyubu ikipinduka, hutaweza kumshika. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kucheza ukingoni penye maji tulivu kunatosha, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Mama mjamzito naye apumzike ukingoni. Atapata ajira ya kuangalia watoto, na tumbo halitagongwa na mawe.

Watoto wafuatao wanahitaji mpango maalumu, na ongea na daktari wao kabla ya safari:

- *Mwenye selimundu (sikoseli).* Maji baridi na kukaukiwa maji mwilini vinaweza kuanzisha maumivu makali. Acheze kwenye maji ya vuguvugu tu, kwa muda mfupi, akaushwe haraka na anywe maji mara kwa mara.
- *Mwenye kifafa.* Asiingie mtoni bila jaketi na mtu mzima wake peke yake. Dawa zisirukwe kwa sababu ya safari.
- *Mwenye pumu.* Dawa ya kuvuta ikae kwenye mfuko usioingia maji, mkononi mwa mtu mzima aliye naye.

Jaketi la kuokoa maisha

Tyubu, maboya ya mikononi na vikaragosi vya hewa ni vitu vya kuchezea. Haviokoi mtu. Kila mtoto, na kila mtu mzima asiyejua kuogelea vizuri, avae jaketi lenye lebo ya kuidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani.

Saizi huenda kwa uzito na imeandikwa ndani ya jaketi: chini ya kilo 14 kwa mchanga, kilo 14 hadi 23 kwa mtoto mdogo, na kilo 23 hadi 41 kwa mkubwa kidogo. Usinunue kubwa ili akue nalo. Mfungie vifungo vyote, kisha inua jaketi kwenye mabega. Likipanda hadi kwenye kidevu au masikio, ni kubwa.

Msizifunge tyubu kwa kamba. Kamba hunasa kwenye miti na kuvuta kundi zima. Wafundishe watoto kwamba wakianguka kwenye mkondo wasisimame. Walale chali, miguu ikielekea chini mto vinapokwenda maji, vidole vya miguu vikionekana juu, huku wakipiga mikono kuelekea ukingoni.

Zamu ya kuangalia maji

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Anajaribu kuvuta pumzi, na ndani ya dakika chache anapotea. Jambo hili hutokea hata watu wakiwa wengi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Pangeni zamu za dakika 15. Mwenye zamu avae kitu kinachoonekana. Familia nyingine hutumia kanga begani: mwenye kanga ndiye mwenye macho. Hashiki simu, hachomi nyama, hanywi pombe. Zamu ikiisha, anamkabidhi mwingine kanga mkononi na kumtajia idadi ya watoto walio majini. Dada wa miaka 10 hawezi kupewa zamu hii, hata kama nyumbani ndiye anayelea wadogo zake.

Usalama ndani ya RV

*Safarini.* RV inayovutwa na gari jingine isibebe watu ikiwa inatembea. Kwenye RV yenye injini yake, kiti cha mtoto kifungwe kwenye siti inayotazama mbele na yenye mkanda. Siti za pembeni na kitandani si salama.

*Hewa yenye sumu.* Tunajua hatari ya kulala na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Ndani ya RV ni hivyohivyo. Usiwashe mkaa ndani, usitumie jiko la gesi kupasha chumba joto, na jenereta ya kubeba ikae angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, moshi ukielekea mbali. Hakikisha king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi kinalia ukibonyeza. Watu kadhaa wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje wote kisha pigeni 911.

*Joto.* Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

*Chakula.* Nyama, wali na maziwa visikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, mwisho ni saa 1.

Magonjwa ya kuzingatia

- *Kuhara.* Mtoto anayehara asiingie majini. Wafundishe wote wasimeze maji ya mto.
- *Maji ya kijani.* Yenye utando kama rangi iliyomwagika au yanayonuka, msiingie. Yanaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu.
- *Jua.* Ngozi nyeusi nayo huungua. Paka dawa ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi na urudie kila saa 2. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini, amevaa kofia.
- *Kupe.* Kagua kila jioni kwapani, kinenani, nyuma ya masikio na katikati ya nywele, hata zilizosukwa. Mtoe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Usitumie moto wala mafuta. Homa au vipele ndani ya wiki chache zinazofuata, nenda kliniki na utaje kupe.

Mtoto akizama: la kufanya

1. Mtoe majini. Kama hujui kuogelea, usimfuate. Mrushie kamba, boya au tyubu.
2. Kama hapumui, mwenzako apige 911. Wewe anza na pumzi 2 za mdomo kwa mdomo, kila moja ikiinua kifua.
3. Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi theluthi moja ya unene wa kifua. Kwa mchanga, tumia vidole gumba viwili huku viganja vikizunguka kifua.
4. Endelea hivyo, pumzi 2 na mikandamizo 30, hadi msaada ufike. Kama uko peke yako, fanya kwa dakika 2 kwanza, halafu piga simu.

Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Unapoteza muda.

Ukipiga 911, taja kwanza mahali mlipo. Mkifika kambini, andika jina la kambi na namba ya nafasi yenu kwenye karatasi na uibandike mlangoni. Kama Kiingereza kinakusumbua, sema "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Usikate.

Nenda hospitali mara moja ikiwa:

- mtoto alihitaji kupuliziwa pumzi, hata kama sasa anaonekana mzima
- baada ya kumeza maji anakohoa bila kukoma, anapumua haraka, anatapika au anasinzia kuliko kawaida, hasa katika saa zinazofuata
- amegonga kichwa au shingo
- ana joto kali na amechanganyikiwa baada ya kukaa juani

Kabla ya safari, uliza YMCA au maktaba ya mtaa wenu kuhusu masomo ya kuogelea. Watoto wanaweza kuanza kuanzia umri wa mwaka 1, na wengi huwa tayari wakifika miaka 4. Maeneo mengi yana punguzo kwa wenye kipato kidogo. Kuna masomo ya akina mama pia, na darasa la wanawake peke yao ukiulizia. Mtoto aliyejifunza bado anahitaji jaketi na mtu mzima wa zamu.