Uvira: Bandari ya Kichwa cha Ziwa Tanganyika

Katika maandishi mengi ya historia, Uvira hutajwa kama mkia: mkia wa njia ya misafara iliyopitia Ujiji katika karne ya 19, kisha mkia wa biashara ya Bujumbura katika karne ya 20. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sura hiyo imetokana zaidi na mahali waliposimama waandishi kuliko na mambo yenyewe. Aliyefika kutoka Ujiji aliiona Uvira mwisho wa safari. Kwa Wavira, Wafuliiru na Wabembe, hapo ndipo ziwa lilipoanzia.

Mfano ulio wazi ni habari ya mto Rusizi. Mwezi wa Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Haja yao ilikuwa moja: kujua kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, ili ziwa lihesabiwe kuwa chimbuko la Nile, au unaingia ndani yake. Wenyeji, wakiwemo wana wa mtawala wa mahali hapo, waliwajibu bila kusita kwamba mto unaingia. Wapiga makasia wakakataa kusonga mbele kwa kuwaogopa Warundi, na wageni wakarudi bila kuuona mlango wa mto. Jawabu sahihi walikuwa nalo mkononi. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton alirudia hoja ya kwamba huenda maji ya Tanganyika yanateremka kwenda Nile. Ikabidi Livingstone na Stanley wasafiri kutoka Ujiji mwezi wa Novemba 1871 ili Ulaya ikubali jambo ambalo Uvira ililisema miaka 13 kabla. Kwa kawaida vitabu huwapa sifa ya uvumbuzi huo wageni hao wawili. Wavira hawatajwi, au hutajwa kama uvumi.

Wakati wa Burton, Uvira ilikuwa kituo cha mbali zaidi cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili upande wa kaskazini. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watumwa nao walipita, na jambo hili halifai kufunikwa kwa heshima ya biashara. Baadaye Muhammad bin Khalfan wa Lindi, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya upande huu wa ziwa hadi nguvu zake zilipovunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1894.

Misafara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili. Lakini hapa msomaji wa isimu atazame kwa makini kitu kilichopokewa na kitu kilichokataliwa. Maneno ya soko, ya hesabu na ya dini yalikaa. Majina ya samaki hayakubadilika. Samaki wadogo ambao Kigoma huwaita dagaa, Uvira huwaita ndagala. Yule ambaye Kigoma humwita mgebuka, Uvira na Bujumbura ni mukeke. Wavu wa kuchotea wenye mpini, uliotumiwa usiku kwa mwanga wa moto, uliitwa lusenga, na jina hilo halikuletwa na mfanyabiashara yeyote wa pwani. Mpaka leo kalenda ya mvuvi ni mwezi wa mbinguni: taa huvuta samaki gizani, na mbalamwezi ikijaa taa hazifai, basi nyavu hupumzika. Lugha ilikuja kwa msafara, maarifa ya maji yalikuwa ya wenyeji, na msamiati umehifadhi mpaka kati ya viwili hivyo kuliko hati yoyote.

Wabelgiji waliigeuza bandari ielekee nchi kavu. Gati likawekwa Kalundu, kusini ya mji, na reli ikajengwa kupitia uwanda wa Rusizi hadi Kamaniola, ambako mizigo ilipakiwa katika malori yaliyopanda milima kwenda Bukavu. Vijiji vya uwandani, Kiringye miongoni mwao, vikaingizwa katika kilimo cha kuuza, hasa pamba. Reli ilifungwa mwaka 1958. Vita vya 1964, ambapo waasi waliutwaa mji mwezi wa Mei, na vile vya Oktoba 1996, vina waandishi wake. Hapa itoshe kusema kwamba kila mara watu wengi walivuka ziwa.

Jambo lililosahauliwa zaidi ni ziwa lenyewe. Mwaka 1874 Cameron aliukuta mdomo wa mto Lukuga, njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka, umezibwa na majani. Maji yakaendelea kupanda hadi kizuizi kilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1870, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita 10 hivi. Ufuko ukasogea, na watu wakaufuata. Ziwa lilipopanda tena miaka ya 2020, 2021 na 2024, likaingia katika nyumba za ukingoni na katika bandari ya Kalundu, wengi walilichukulia kama jambo lisilopata kuonekana. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya chini, pamoja na mahali pa gati, ilikuwa imefunikwa na maji katika miaka ile ya 1870.