Jina la Mshana

Mwalimu wa Upare akiita majina asubuhi, akitaja Mshana, huenda wakaitika watoto watatu kwa pamoja, wala si wa nyumba moja. Mgeni hudhani baba yao ni mmoja. Sivyo. Mshana ni jina la ukoo, na sifa ya ukoo huo tangu zamani ni moto na nyundo.

Washana ndio waliokuwa wahunzi wa Upare ya Kaskazini. Chuma chao walikipata katika mchanga mweusi wa vijito. Mchanga ule ulioshwa, ukatiwa tanuruni pamoja na makaa, na mivukuto ikavutwa mpaka chuma kikatengana na taka zake. Ndipo wakafua majembe, mashoka, mikuki na ncha za mishale. Majirani zao Wachaga walikuwa na ndizi tele, lakini chuma hawakuwa nacho, hata ikawapasa kukinunua Upare. Kwa hiyo mhunzi aliheshimiwa sana. Naye aliogopwa pia, maana laana yake ilihesabiwa kuwa kali kuliko ya watu wengine.

Tena walikuwa watawala. Masimulizi ya wazee wa Ugweno, ambayo Isaria Kimambo aliyatia katika kitabu chake cha historia ya Wapare mwaka 1969, yasema kwamba Washana walitawala kwanza, kisha wakapinduliwa na ukoo wa Wasuya, mkuu wao akiwa Angovi. Mwanawe Mranga akautengeneza utawala ule ukawa na nguvu. Kimambo akadiria mambo hayo yalikuwa kama karne ya 16. Basi Washana walinyang'anywa kiti, lakini nyundo hawakunyang'anywa, kwa sababu Msuya naye alilima, naye alitaka jembe.

Zamani hizo mtu aliitwa kwa jina lake na la babaye. Ukoo ulijulikana, lakini haukuandikwa, maana hapakuwa na daftari. Wadachi walipotoza kodi ya nyumba tangu 1898, na misheni ya Leipzig ilipofungua kituo cha Shigatini mwaka 1900, karani na mwalimu walitaka jina la pili la kila mtu. Wengi wakataja ukoo. Hivyo jina la watu wengi likawa jina la kila mmoja wao, likashuka kwa watoto na wajukuu, likasafiri pamoja nao mpaka Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Wasuya nao wakafanya vivyo hivyo. Jina lao lajulikana nchi nzima kwa ajili ya Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1980 hata 1983, na tena 1994 hata 1995. Leo wajukuu wa waliopinduliwa na wa waliopindua hukaa dawati moja, na wengi wao hawana habari.

Watu wa Marekani walipohesabiwa mwaka 2010, waitwao Smith, yaani Mhunzi, walizidi milioni 2 na laki 4, na hapakuwa na jina la jamaa lililolishinda hilo. Lakini tusifananishe mno. Kwa Waingereza, kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi akawaachia wanawe jina la kazi. Smith huyu na Smith yule si lazima wawe na damu moja. Mshana husema ana babu mmoja na Mshana mwenziwe, hata kama hawajapata kuonana.

Matanuru yalizimika majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Wako Washana makarani na madereva ambao hawajashika mvukuto. Daftari nalo, twaona, limeficha jambo moja: laandika ukoo wa baba tu, na binti wa Kishana akizaa kwa Wambaga, uhunzi wa mamaye hausomeki popote. Kwa hiyo kijana na binti wakitaka kuoana, wazee wa Upare hawaridhiki na majina ya vyeti. Huuliza baba wa mama alikuwa nani, na wa bibi, na kwao ni mlima upi.