Taa ya Samli Kando ya Mizani

Kaskazini kidogo ya Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuna Mtowa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Manyema ilifikia hapo, ikapakia pembe za ndovu na watumwa mashuani, ikavuka hadi Ujiji. Toka Ujiji ni kwa miguu tu: Tabora, kisha Bagamoyo, miezi mizima njiani. Pembe iliyochubua mabega ya watu wa kwetu iliishia forodhani Unguja. Na forodha ile, kuanzia miaka ya 1830, kwa miongo kadhaa ilikuwa mikononi mwa Wahindu wa kabila la Bhatia kutoka Kachchh, India, watu waliokula nafaka, kunde na mboga, na kwao kuchinja hata kuku ni dhambi.

Waswahili waliwaita Mabaniani. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa Sultani, na Ladha Damji aliisimamia hapo Unguja mpaka alipofariki mwaka 1871. Tumezoea kuwasimulia watu hawa kwa faida na hasara zao. Dini yao tumeiacha nje ya hadithi, ingawa ndiyo iliyowafundisha namna ya kuamka, kula na kufungua duka.

Uhindu wa kale huyagawa maisha katika ngazi nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, anayejitenga msituni, na mtawa aliyeacha yote. Ngazi ya pili huitwa grihasta. Mwenye nyumba anaoa, anazaa, anachuma, na jasho lake ndilo linalowalisha wale watatu wengine. Kila siku ana deni kwa Mungu, kwa wazee waliotangulia, kwa walimu wa hekima, kwa mgeni na kwa viumbe. Hulilipa kwa sala, kwa kusoma, kwa sahani ya mgeni, kwa tonge la ng'ombe au la ndege.

Wabhatia wengi walifuata mafundisho ya mwalimu wa Kihindu Vallabha, aliyefariki mwaka 1531, mwenyewe mume na baba wa watoto wawili. Ibada yao iko nyumbani. Alfajiri, baada ya kuoga, mungu Krishna huamshwa kama anavyoamshwa mtoto. Sanamu yake ndogo huogeshwa, huvikwa nguo, hutengewa chakula mbele ya taa ya samli. Anachokula mwenye nyumba ni kile kilichokwisha kutengwa pale. Baada ya hapo ndipo hufuata funguo za duka.

Lakini Mabaniani wa Unguja waliishi ngazi hii nusunusu. Wasafiri wa katikati ya karne ile waliona kwamba hawakuja na wake zao. Nyumba zilibaki ng'ambo, Unguja pakawa na duka tu. Na duka hilo lilikuwa na jaraha. Siku za Diwali, sikukuu ya taa, mfanyabiashara wa Kigujarati huweka madaftari mapya ya jalada jekundu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na kuandika neno takatifu Shri kwenye ukurasa wa kwanza, ili hesabu ya mwaka ianze kwa Mungu. Fikiria daftari kama hilo forodhani: ukurasa wa kwanza Shri, wa pili frasila za pembe kutoka upande wetu wa ziwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaacha huru watumwa wao. Hata hivyo, mwaka 1871 msafiri Livingstone, akiwa Nyangwe huko Manyema, alilalamika kwamba wachukuzi aliopelekewa kutoka pwani walikuwa watumwa wa Mabaniani. Mtu aliyemhurumia sisimizi hakumwona aliyebeba mzigo. Kwangu mimi hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika historia hii, na taa ya samli hailifuti.

Katika karne hiyohiyo, huko Virpur, Gujarat, mtoto mwingine wa mfanyabiashara alilijibu deni la mgeni kwa namna nyingine. Jalaram, wa kabila la Lohana, alizaliwa mwaka 1799. Akiwa na miaka ishirini tu, yeye na mkewe Virbai walifungua jiko la kumlisha yeyote apitaye, bila kuuliza tabaka wala dini. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja mtawa alimwomba Jalaram ampe Virbai amhudumie. Virbai akakubali, akaondoka naye. Njiani mzee akatoweka, akamwachia fimbo na mkoba.

Walohana walipoenea Afrika Mashariki, safari hii na wake na watoto, picha ya Jalaram ilikuja nao: mzee wa kilemba cheupe, fimbo mkononi, ukutani juu ya mizani. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba katika Zaire nzima. Duka halipakiwi katika sanduku. Picha hupakiwa, ndiyo maana leo Jalaram ana hekalu Leicester, Uingereza.

Virpur jiko lingali linawaka. Tangu mwaka 2000 hekalu limeacha kupokea sadaka, na mgeni aliyeshiba akitoa noti huambiwa airudishe mfukoni.