Tanganyika na Mkataba wa Maji ya Mto Naili wa 1929
Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba katika nchi zilizo chini ya utawala wake hapatajengwa chochote kwenye Mto Naili na maziwa yake kitakachopunguza maji yafikayo Misri, ila kwa ridhaa ya Misri. Wakazi wa Mwanza na Bukoba, wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, hawakushirikishwa. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa mkataba huo hauifungi, ingawa iko tayari kwa mazungumzo. Sehemu hii ya pili husahauliwa mno na waandishi, ilhali ndiyo yenye uzito. Misri ilishikilia kuwa mkataba ungali hai. Ilichukua miaka 37 kabla nchi za bonde hazijaasisi ushirikiano wao jijini Dar es Salaam, mwaka 1999. Baadaye maji ya ziwa yalivutwa hadi Kahama na Shinyanga.