Kichaa cha Mbwa katika Bara Hindi ya Waingereza

Kichaa cha mbwa ni maradhi yaliyohofiwa mno na maafisa wa Kiingereza katika Bara Hindi, na tadbiri walizozishika dhidi yake, tangu kuua mbwa wa mitaani hata kuwachanja watu waliong'atwa, ziliingilia uhusiano wa kale baina ya wenyeji na mbwa wao.

Ghasia za Bombay, 1832

Kanuni ya mwaka 1813 iliruhusu mbwa wasio na mwenyewe wauawe mjini Bombay katika misimu maalumu. Mwaka 1832 muda huo ukarefushwa, na kila aliyeua mbwa akalipwa ana nane, yaani nusu rupia. Sheria hiyo ilimtambua mbwa mwenye bwana mmoja tu, ilhali mbwa wa Bombay alilishwa na mtaa mzima, wala hakuna aliyemhesabu kuwa mpotevu ila serikali. Kwa Waparsi, wafuasi wa Zarathustra, jambo lilikuwa zito zaidi, kwani katika dini yao mbwa ni mnyama mtukufu, na maiti hapelekwi kwenye mnara wa kuwekea wafu kabla mbwa hajaletwa amtazame. Tarehe 6 Juni, iliyokuwa siku yao tukufu, wakawashambulia askari wa polisi. Kesho yake Wahindu, Wajaini na baadhi ya Waislamu wakashirikiana nao, maduka yakafungwa, chakula cha ngome kikazuiwa, hata wanajeshi wakaitwa kuwatawanya watu. Baadaye matajiri wa Kiparsi, miongoni mwao Jamsetjee Jejeebhoy, walipeleka ombi lao kwa adabu na busara, na serikali ikaridhia mbwa wahamishwe nje ya mji badala ya kuuawa.

Kufunga midomo

Amri ya kuwafunga mbwa midomo, iliyosaidia kuyaondoa maradhi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, haikuweza kufaa mahali ambapo mbwa walio wengi ni wa mtaa.

Chanjo

Kabla ya mwaka 1900, askari wa Kiingereza aliyeng'atwa alisafirishwa hadi Paris akachanjwe katika Taasisi ya Pasteur; mwenyeji maskini alingoja kudura ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1900 taasisi kama hiyo ilifunguliwa Kasauli, milimani Punjab, chini ya tabibu wa jeshi David Semple, na ya pili Coonoor mwaka 1907. Mwaka 1911 Semple alitengeneza chanjo kwa ubongo wa wanyama walioambukizwa, virusi vikiwa vimeuawa kwa fenoli. Ilidungwa tumboni siku nyingi mfululizo, na baadhi ya waliochanjwa walipooza, lakini kwa kuwa ilikuwa rahisi kutengenezwa ilienea Asia na Afrika.

Hali ya sasa

Chanjo ya Semple imekwisha kuachwa India. Kanuni za mwaka 2001, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya mwaka 2023, ziliagiza mbwa wa mitaani wahasiwe, wachanjwe na kurudishwa mitaani mwao.